Jina la Ukutani

Mimi ni mwalimu wa kompyuta, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Kila muhula huwaambia wanafunzi wangu hapa shuleni Kaaga kwamba wasinunue jina la tovuti linalofanana na la kampuni inayojulikana, hata kama nia yao ni safi. Wanaandika kwenye madaftari yao kimya kimya. Hawajui kwamba mwalimu wao alifanya jambo hilohilo, na kwamba aliyeumia ni baba yake.

Baba anaitwa Gitari. Ana duka la pembejeo kule Kanja, Embu, na kwa miaka ishirini na mmoja alikuwa wakala wa kampuni ya mbegu ya Pandazao. Kampuni yenyewe ndiyo iliyolipaka duka lake rangi. Kama hujakaa kwetu huenda hujui mambo haya: lori linakuja na mafundi, ukuta mzima unapakwa rangi za kampuni, jina la kampuni linaandikwa kubwa kama mlango, na chini pembeni wanakuandikia lako. Hulipi, hulipwi. Jirani muuza soda ana rangi za soda, muuza sabuni ana za sabuni. Tangu nizaliwe sijamsikia mtu wa Kanja akiuliza jina la ukutani ni la nani. Ni la kampuni, na ni lako pia, maana ukuta ni wako.

Likizo ya Agosti nikaamua kumtengenezea baba tovuti.

"Tuandike jina gani, baba?"

"Sasa unauliza nini, mama? Si hiyo iko kwa ukuta."

Huniita mama kwa sababu mimi ni Lorna Karimi, na Karimi alikuwa mama yake mzazi. Nikaandika jina la kampuni, nikaliunganisha na Embu, nikalipia. Kabla ya kumaliza nikaulizwa kama nathibitisha kwamba jina hilo haliingilii haki ya mtu mwingine. Nikaweka alama ya ndiyo bila kusoma. Mimi, ninayewakata watoto wa watu alama kwa kutosoma swali!

Tovuti ilikuwa nzuri, siwezi kujinyima sifa. Niliweka rangi za ukutani, picha ya baba ameshika pakiti ya mbegu, na nambari yake ya simu. Wakulima wa Mbeere wakaanza kupiga simu kuuliza kama mahindi ya muda mfupi yamefika. Baba akawa anawatangazia watu nje ya kanisa kwamba sasa yuko kwa intaneti. Mwirigi, afisa wa mauzo wa Pandazao aliyesimamia maduka ya huku kwetu, alinitumia ujumbe: "Safi sana mwalimu! Hii ndio inafaa. Wengine waige." Nilitabasamu siku nzima.

Barua ikaja Septemba, kutoka kwa mawakili wa Nairobi. Miezi hiyo kulikuwa na matapeli waliokuwa wakiyapaka rangi mahindi ya kula yafanane na mbegu, wakiyatia kwenye pakiti bandia na kuyauza kupitia tovuti zenye majina yanayokaribiana na la kampuni. Kampuni ilikuwa imechoka, na kwa hilo siilaumu. Lakini wavu wao ulimnasa baba pamoja na hao wezi. Barua ilisema tovuti yetu inatumia jina lililosajiliwa bila idhini na inapotosha umma. Tukabidhi jina hilo ndani ya siku kumi na nne. Wakati huohuo uwakala umesimamishwa, na hakuna mbegu itakayoletwa dukani.

Mvua za Oktoba zilikuwa mlangoni. Wakala asiye na mbegu Oktoba afunge tu duka akalale.

Baba akanipigia simu. "Mama, hawa watu wanasema nimeiba jina. Si ni wao wenyewe waliandika?"

Nilikuwa na jibu, ila kulitoa kuliniuma. Nilimwambia ukutani waliandika wao, kwenye tovuti tumeandika sisi. Nikamwambia anayepita Kanja anaona duka na anamwona Gitari ndani yake, lakini mtu aliye mbali kule Siakago na simu yake haoni duka, anaona jina la kampuni tu, na anaamini anazungumza na kampuni.

"Basi warudishie. Mimi siko na vita na mtu."

Nilikabidhi jina siku hiyohiyo, nikadhani mambo yameisha. Wakashukuru. Kisha wakaandika kwamba uwakala utabaki umesimamishwa, isipokuwa tukitoa ushahidi wa maandishi kwamba afisa wa kampuni aliruhusu tovuti hiyo. Nikapiga simu ofisini kwao. Msichana mwenye sauti tamu akanieleza kwamba suala liko kwa mawakili. Nikawapigia mawakili, wakaniambia niongee na kampuni. Nilizungushwa hivyo wiki nzima, na hakuna hata mmoja aliyenifokea. Kama angalau mtu mmoja angenifokea, ningejua ni nani wa kumjibu.

Akabaki Mwirigi. Jumamosi nilimfuata sokoni Gakoromone, nikamkuta katikati ya magunia ya viazi akiongea na wachuuzi. Nikamvuta kando.

"Andika mistari miwili tu. Sema uliiona tovuti na ukaikubali."

"Madam, hapana. Mimi sikuwa na hiyo authority. Nikiandika hivyo nimejifuta kazi, na niko na watoto watatu shule."

"Na baba yangu je?"

"Mzee Gitari ni baba yangu pia, Mungu anajua. Lakini please, mwalimu, usiniingize."

Nilimwacha pale nikiwa nimefura. Mtu aliyekula kwetu kila msimu wa mbegu, mama yangu akimpakulia kabla ya kutupakulia sisi, leo ananiomba nisimwingize! Nikampigia baba nikamweleza yote, pamoja na ujumbe wa Mwirigi uliokuwa bado kwenye simu yangu. Nilitaka aniruhusu kuutuma.

"Wachana na huyo," baba akasema. "Alisema tu neno mzuri. Mtu haezi chapwa juu ya neno mzuri."

"Baba, mvua imekaribia."

"Mvua nimeona mingi. Niahidi, mama."

Nikaahidi.

Jumatatu mawingu yalishuka hadi kwenye mashamba ya chai. Baba alinipigia wakati wa mapumziko, akaniambia Nelius, mama ambaye hajawahi kununua mbegu kwingine, alikuja na mfuko wake kama kawaida. Rafu zilikuwa tupu. Baba akamwelekeza kwa wakala mwingine kule Manyatta, akamfundisha jinsi ya kukwangua kibandiko cha pakiti na kutuma kwa simu nambari iliyo chini yake ili ahakikishe mbegu ni halali. Baba alisimulia bila kulalamika hata kidogo. Ndipo nikashindwa. Nilitaka alalamike, agombe, anilaani hata mimi. Niliketi katika ofisi ya walimu, chai ikipoa mbele yangu, nikautuma ujumbe wa Mwirigi kwa mawakili. Niseme ukweli: wakati ule nilijiona nimetenda haki.

Jibu lilifika Alhamisi. Lilikuwa fupi. Afisa wa mauzo hana mamlaka ya kuruhusu mtu kutumia jina la kampuni, kwa hiyo uwakala wa Gitari umefutwa rasmi. Wananishukuru kwa taarifa niliyowapa, ambayo imepelekwa kwa idara inayoshughulikia wafanyakazi.

Sentensi hiyo ya mwisho niliisoma mara tatu. Nikampigia Mwirigi, hakushika.

Jumamosi nikaenda Kanja kumweleza baba kwa mdomo wangu. Nilichelewa. Dukani nilimkuta msichana mpole mwenye fulana ya kampuni, amekuja kuchukua mizani na rafu walizokuwa wamemwazima. Baba alikuwa akitia sahihi karatasi zake, polepole, moja baada ya nyingine.

"Na Mwirigi?" baba akamuuliza bila kuinua kichwa. "Wamemhamisha wapi?"

"Hakuhamishwa, mzee. Aliachishwa kazi jana. Wanasema kuna message yake ilitumwa kwa mawakili."

Baba akaiweka kalamu mezani. Msichana akaendelea kufungua skrubu za rafu, hajui amesema nini. Baba akanitazama.

"Ni wewe?"

"Ndiyo, baba."

Nilisubiri anigombeze. Hakunigombeza. Alitoa simu mfukoni, akavaa miwani, akalitafuta jina la Mwirigi, akapiga. Iliita hadi ikakatika. Akapiga tena. Nilitaka kusema nilifanya kwa ajili yake, lakini maneno hayo yalikuwa hayafai kitu mbele ya mtu aliyenikataza.

"Akishika," baba akaniuliza, simu ikiwa bado sikioni, "nitamwambia nini?"

Akapiga mara ya tatu.