Joka la Ndiva

Hakuna mtu Suji aliyeamka na hasira kama Bibi Koleta asubuhi ile, na aliyemkasirisha ni mwanawe wa kumzaa.

"Ndiva haichimbwi," Sifael alikuwa amesema jana yake mkutanoni, mwenyekiti mzima wa kamati ya maji, mvi kichwani. "Lile bwawa ni la joka. Lilijilaza pale, likajigeuza, pakabonyea. Atakayetia jembe humo anamezwa papo hapo."

Na watu wazima na akili zao wakaitikia! Ndiva yenyewe, mahali maji ya mfereji yanapokusanyika usiku ili asubuhi yafunguliwe mashambani, ilikuwa imejaa tope hata bata angesimama katikati asilowe tumbo. Maharage yalikuwa yananyauka. Isipochimbwa sasa, maji yote yangeteremka zake Maore, na watu wa Suji wangebaki kuomba unga kwa jirani.

"Joka gani wewe?" Koleta alimjibu mbele ya watu. "Tulichimba sisi! Mimi na Fortunata na wanawake wenzetu, mwaka wa njaa, waume zetu wako kwenye mashamba ya mkonge."

"Mama, nakuheshimu sana. Lakini habari za joka nilizipata kwako wewe mwenyewe."

Na ilikuwa kweli. Watoto walipenda kuogelea mle, mmoja nusura afe, basi akina mama wakawatisha na joka. Watoto wakatishika, wakapona, wakakua na hofu yao, na leo ndio wanakamati. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, lakini jamani, mpaka huku? Fortunata kalala kaburini, na jasho lake kapewa nyoka!

Kulipopambazuka Koleta akaitungua ukutani pembe ya marehemu mumewe, akapanda hadi kwenye ndiva, akaipuliza. Pembe ikilia Upareni ni msaragambo: kila nyumba inatoa mtu na jembe lake, na kama una swali utaliuliza ukishafika. Wakaja. Wakajipanga ukingoni, majembe begani, wakimkodolea macho bibi akifunga kanga yake vizuri kiunoni.

"Mama, toka humo!" Sifael alipiga kelele. Midomo ilimtetemeka kama alipokuwa wa miaka mitano, na Koleta akamwonea huruma kwelikweli. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Akaingia. Tope likamfika mapajani, watu wakaguna, naye akajikokota mpaka kwenye mdomo wa ndiva, pale maji yanapotokea, akaanza kuchimba.

Akachimba. Hakumezwa. Akachimba tena, akihema, na bado hakumezwa. Victoria, mke wa Sifael, akashindwa kuvumilia kumwona mama mkwe akihangaika peke yake. Akatupa kandambili, akamfuata na jembe lake.

Ndipo jembe la Victoria likagonga kitu kigumu.

"Mfupa!" mtu alipayuka. "Mgongo wake huo!" Ukingo mzima ukarudi nyuma.

Wanawake wawili wakainama, wakavuta, wakalitoa. Koleta akalipangusa kwa kiganja. Lilikuwa jiwe bapa, limelika katikati, na pembeni lina pengo. Pengo lile alilijua.

"Fortunata," alisema, na machozi yakamtoka mbele ya watu wote.

Chini yake kulikuwa na jingine, na pembeni jingine, yamepangwa vizuri kama matofali. Mwaka ule wa njaa hapakuwa na punje ya kusaga, na mdomo wa ndiva ulihitaji mawe mazito. Kila mwanamke alikuwa ametoa jiwe lake la kusagia.

Koleta akaliinua lile la Fortunata juu.

"Haya, mwenyekiti! Hebu nieleze. Joka gani hilo lililokuwa linasaga mahindi?"

Mtu mmoja akaangua kicheko, na kicheko kikakizunguka kitongoji kizima. Sifael alilitazama lile jiwe, akamtazama mama yake, akavua viatu. "Nipisheni," akasema, akajirusha ndani kwa kishindo, tope likamrukia mkewe usoni. Nyuma yake wakamiminika wote. Ziliimbwa nyimbo za Walutheri na za Wakatoliki, zikachanganyikana, hakuna aliyejali. Jioni, tope lote likiwa nje, mfereji ukafunguliwa, maji yakaingia yakijaa, na vigelegele vilivyopigwa, nadhani hata Myamba walivisikia.

Koleta alikuwa amekaa ukingoni, hoi, anaona raha, alipomsikia mjukuu wake Blessing akiwasimulia wenzake.

"Bibi kalikamata joka mkia, kalirusha mpaka Maore! Kwa mkono mmoja!"

"Wewe! Njoo hapa." Akaubandika mkono wa mtoto kwenye lile jiwe lenye pengo. "Nani alichimba ndiva?"

"Bibi Fortunata," mtoto akasema. "Na wewe. Na akina bibi wengine."

"Ehee."

"Na joka je, bibi?"

Koleta akacheka mpaka akashika mbavu. "Joka ni mimi hapa. Haya, kimbia, kamletee joka chai."