Mathenge Bila Ushuru

Tangu lini mathenge ikawa bibi harusi? Mti ule ule unaotoboa magurudumu ya watu na kuozesha meno ya mbuzi, leo Garissa nzima inaufanyia karamu. Kampuni ya wageni itaukamua mafuta ya magari, na kwa kukubali kuja tu, kaunti imeisamehe ushuru miaka kumi.

Osob alifurahi kama wengine, ila moyo ulimuuma. Yeye na wanawake wenzake wa mtaa wa Iftin walikuwa wakichoma mathenge hiyo hiyo, wakiisaga na kuifinyanga iwe makaa ya duara, na kila gunia lililovuka kizuizi cha mjini lilitozwa ushuru. Faida yote iliishia pale kizuizini. Mambo yakiendelea hivyo, mwezi ujao angefunga tanuri. Mara kwa mara alimwendea Kioko, afisa wa mapato wa kaunti, Mkamba mmoja mcheshi kweli kweli, naye kila mara alimjibu, "Mama, msamaha ni wa viwanda vikubwa."

Siku ya uzinduzi wa kiwanda cha wageni wanawake waliombwa waimbe buraanbur, mashairi yao ya sherehe. Mtunzi ni nani kama si Osob? Akaingia katikati ya duara, akayamwaga yote kwa Kisomali: mgeni kafunguliwa mlango, mwenyeji bado anabisha hodi, mti ni mmoja, moto ni mmoja, basi na sisi tusamehewe. Vigelegele vikapaa. Wanawake wakaja mmoja mmoja kumtupia shali mabegani, maana kwao kumvisha mtunzi ni kusema, ulilosema ni langu.

Kioko, asiyejua Kisomali hata cha kuombea maji, hakutaka kupitwa na raha. Aliazima shali ya Samsam, mmoja wa waimbaji, akaingia akikata kiuno, akamvisha Osob.

Uwanja ukalipuka kwa shangwe. Wazee walicheka hadi wakafuta machozi.

"Kwani nimefanya nini?" Kioko akauliza.

"Umetusamehe ushuru, ndugu yangu," Osob akasema. "Na watu wote wameona."

Kioko akakuna kichwa. Kisha naye akaangua kicheko, akachukua kipaza sauti. "Sheria inasema msamaha ni wa yeyote anayegeuza mathenge kuwa kawi. Huo ukubwa niliuongeza mimi. Kuanzia leo Osob apite."

Jioni ile Osob alipeleka gari la punda kizuizini, magunia yamejaa. Askari akainua chuma bila kudai ushuru. Alishusha mzigo sokoni, akarudi, akamgeuza punda, akavuka tena na gari tupu, basi tu apite bure.