Jicho kwa Habari za Ulfkel

Tangu mwanawe Ulfkel alipopanda meli kwenda visiwa vya magharibi, jirani yangu Vermund hakukaa kitako. Viangazi viwili vilipita bila habari. Alianza kuchonga mlango akauacha, akashika jembe akalitupa, akawaendea waaguzi wote wa ghuba yetu, na kila mmoja akamwambia lake. Usipomkuta njiani, basi yuko ufukweni anaitazama bahari.

Siku moja tulikuwa kwake tukiwakata kondoo manyoya. Akatokea mzee wa joho la buluu na kofia pana iliyoinamishwa upande mmoja wa uso. Chini ya ukingo wa kofia, jicho halikuwapo. Hallveig, mke wa Vermund, akampa bia. Mgeni hakuketi. Alikunywa wima, akigeuka kutazama njia kama mtu anayefukuzwa. Kunguru wawili wakatua juu ya paa.

Hakuna aliyeuliza jina. Sote tulimjua.

Vermund akapiga magoti. "Odin, baba wa wote, wewe ulitoa jicho kwenye kisima cha Mimir ukapewa hekima. Nami natoa langu. Niambie tu, mwanangu yu hai au amekufa?"

"Kisu unacho?" Odin akauliza.

Vermund akakichomoa. Hallveig akamdaka mkono.

"Baba Ulfkel, una wazimu? Kondoo wenyewe unawakata masikio ukiwa na macho yako yote mawili!"

Tukacheka kidogo, kwa woga. Hallveig hakucheka. Akamgeukia mungu.

"Na wewe mgeni, ulipolitoa lako, uliona nini?"

"Mbwa mwitu atakayenimeza."

"Ukapata dawa yake?"

"Bado. Ndiyo maana natembea. Nimewauliza majitu, nimewaamsha wafu, nimejitundika mtini hadi nikapewa maandishi ya siri. Kila ninalojifunza linanirudisha kwenye meno yale yale."

"Usingizi je, unaupata?"

Odin akamrudishia kikombe. Bia ilikuwa nusu. "Mama, majitu hawakunibana hivi," alisema, akashika njia, na kunguru juu yake.

Vermund alibaki na kisu mkononi. "Sasa nitajuaje?"

"Twende tukamtafute," Hallveig akamwambia. "Macho tunayo manne."

Wakapata nafasi kwenye meli ya wauza samaki wakavu. Vermund alitapika safari nzima, na kila kisiwa aliruka majini kabla meli haijafungwa, akiliita jina la mwanawe. Kisiwa cha mwisho wakamkuta Ulfkel anashona matanga, mguu mmoja hana. Ulivunjika, ukaoza, wakaukata. Aliona haya kurudi shambani hivyo.

"Mjinga we!" babaye alimwambia huku akilia. "Nusura tuwe vilema wawili!"

Walirudi watatu, kabla barafu haijafunga ghuba. Ulfkel sasa anatushonea matanga sote, na Vermund anazungukazunguka hapo, akimkosoa mishono.