Maji ya Chumvi Nyuma ya Migomba

Kichwa cha Susana kilishika majira kuliko gari moshi la Same. Ukungu wa kipupwe ukishateremka tu juu ya migomba, maumivu nayo yalikuja, yakakaa juu ya nyusi na chini ya macho, yakapiga kambi wiki tatu, nne. Akiinama kuchochea moto, alihisi uso mzima unataka kumdondokea mafigani. Meno ya juu yalimuuma ilhali hayakuwa na tundu hata moja. Pua iliziba upande huu, ikafunguka, ikaziba upande ule, na harufu ya ndizi zinazochemka alikuwa ameshaisahau.

Miaka kumi na mmoja aliishi hivyo. Walimchanja kwenye paji la uso, na chale zikabaki pale kama nyayo za kuku. Walimuumika kwa pembe. Akanusa ugoro mpaka wazee wa kanisa wakamwonya. Zahanati walimpa vidonge vyeupe, vikamlaza, kisha akaamka na maumivu yaleyale yakimngoja kitandani. Majirani wengine walisema ni mizimu ya kwa mumewe, imekasirika kwa kuwa alibatizwa. Wengine walisema anadeka kwa sababu mwanawe ni mwalimu wa kanisa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na watu wa mlimani kwao walikuwa hodari sana wa kutandika vitanda vya wenzao.

Mwaka wa pili baada ya nzige, siku ambazo bwana shauri wa Kiingereza alikuwa bado anahimiza kila nyumba ipande muhogo, Susana aliteremka Same na mzigo wa maharage. Vumbi la tambarare lilimpokea vibaya. Kufika karibu na stesheni macho yalikuwa yanamtoka machozi, akatua mzigo, akaegemeza paji la uso kwenye ukuta wa nyumba moja na kukaa hivyo hivyo bila aibu.

Nyumba ilikuwa ya Mwamvita, mama wa makamo aliyeuza vitumbua kwa abiria wa gari moshi. Alitoka na birika mkononi, tayari kutawadha kwa sala ya adhuhuri.

"Mwenzangu, ukuta wangu umekukosea nini?"

"Kichwa, dada. Nisamehe. Kitapoa."

"Hakipoi hicho. Mficha maradhi kifo humuumbua. Kinauma wapi?"

Susana akamwonyesha. Mwamvita akacheka, kicheko cha mtu aliyemwona adui yake wa zamani.

"Hicho nakijua, kilinitesa usichana wangu wote. Siyo kichwa, ni pua imeoza ndani kwa kamasi. Sisi tukitawadha tunapandisha maji puani, basi bibi yangu akaniambia, wewe yako yawe ya uvuguvugu, yamechemshwa, na chumvi kidogo. Asubuhi na jioni. Njoo."

Akampeleka uani. Akachanganya maji katika kata, akayaonja, akamwonyesha namna ya kuyakinga kiganjani, kuyavuta taratibu, kisha kuyapenga. Mara ya kwanza Susana alipaliwa akadhani anakufa. Mara ya tatu kitu kilitoka ambacho hakifai kusimuliwa kwa watu wanaokula. Alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa, akashusha pumzi, na akasikia harufu ya vitumbua. Alilia pale pale. Mwamvita akamfungia viwili katika jani la mgomba, akaenda kusali.

Ukungu ulikuja, maumivu hayakuja. Kila asubuhi na kila jioni Susana aliinama nyuma ya migomba na kata yake, akavuta, akapenga. Aliimba jikoni. Alimnusa mjukuu wake kichwani mpaka mtoto akakimbia. Kuna furaha ambazo mtu hawezi kuwaeleza wazima, maana wao wanazo kila siku na hawazijui.

Jioni moja alikuwa ametoka shamba. Alipomaliza pua akanawa na mikono, akajimwagia maji miguuni kuondoa matope. Aliyepita njia ya juu saa ile ni Hezroni, mzee wa kanisa. Alisimama, akaangalia mpaka mguu wa pili ukaoshwa, akaenda zake bila kusalimu.

Jumapili iliyofuata habari ilikuwa imeshafika kila jiko: mama wa mwalimu anatawadha. Ameteremka Same, amesilimishwa na muuza vitumbua.

Sefania alikuja siku ya pili yake. Alikuwa ndiye mtoto pekee aliyembakia Susana, na kwa miaka tisa alikuwa amesubiri kubarikiwa uchungaji. Siku ilikuwa imeshapangwa, na Mzungu wa misheni angekuja kumsikiliza akihubiri. Alikaa kwenye kigoda, kofia magotini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kwa ajili ya maji."

"Nimekuja kwa ajili ya maji."

"Ni chumvi na maji, Sefania. Chumvi hii hii tunayotia kwenye maharage. Sijasema neno la dini ya mtu. Nimepona."

"Najua umepona. Nimekuona." Alikuwa anaikunja kofia. "Lakini watu hawaioni chumvi, mama. Mzee Hezroni amesema mbele ya baraza kwamba asiyeweza kuchunga nyumba ya mama yake hatachunga kundi. Uache. Mpaka nibarikiwe."

"Na ukishabarikiwa?"

Sefania alikuwa mtu mkweli, na huo ndio ulikuwa msiba wa siku ile.

"Nikishabarikiwa nitakuwa mchungaji, mama. Itakuwa vibaya zaidi."

Susana aliwaza kujificha ndani afanye kimya kimya. Lakini nyumba yake siku hizo haikukosa mgeni, na wageni wote walikuja na macho ya kuchungulia mitungi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Alimkumbuka Sefania mdogo, akisoma kwa mwanga wa moto. Alichukua kata, akaitundika ukutani. Siku ya tisa pua iliziba.

Siku ya kubarikiwa ilikuwa ya baridi na manyunyu. Susana aliketi benchi la mbele, amejifunga kitambaa cheupe kichwani, amekikaza mpaka masikio yakafa ganzi, maana kukaza kulimpunguzia kidogo. Mke wa Hezroni akamwinamia, akamwambia amependeza, kilemba kimemkaa kama bibi harusi. Susana akashukuru. Kila neno lilimpiga chini ya macho.

Sefania akapanda kuhubiri. Alikuwa amechagua Maandiko ya yule kipofu tangu kuzaliwa. Susana akainua uso, kwa sababu habari hiyo ndiyo aliyojifunzia kusoma, mtu mzima mwenye wajukuu, na aliyemshika kidole kukipitisha chini ya herufi alikuwa Sefania mwenyewe. Aliijua mstari kwa mstari.

Sefania alisoma vizuri, sauti imetulia. Akasoma jinsi mate yalivyochanganywa na udongo. Akasoma jinsi tope lilivyopakwa machoni. Hapo akainua macho kutoka kitabuni, yakakutana na ya mama yake, mekundu, yanachuruzika. Kisha akaendelea: yule mtu akarudi, anaona.

Mahali pa kipofu kuambiwa aende akanawe alikuwa amepavuka. Hakuna aliyetikisika. Hezroni alikuwa anaitikia kwa kichwa, ameridhika. Mzungu alikuwa anaandika. Kanisa zima hakuna aliyejua ila yule aliyesoma na yule aliyefundishwa naye kusoma, na Susana akaelewa kwamba mwanawe naye anajua anachofanya. Hilo lilimuuma kuliko kichwa.

Ibada ilipokwisha watu walipanga mstari uani, kwenye manyunyu, kumpa mkono mchungaji mpya. Mama alitangulizwa. Sefania akainama mbele yake, akanyoosha mkono.

"Shikamoo, mama."

Susana alimtazama. Akaupokea mkono, akauachia.

"Marahaba, Mchungaji," akasema, akasogea ili wengine wapite.