Utepe Mwekundu wa Mama Pini

Miezi minane baada ya kuolewa, mtaa mzima bado ulimwita Bibi Harusi, naye hakuwa na kinywa cha kuwakataza. Alikuwa mtu wa haya, wa kusalimia huku akitazama viatu vyake. Akipishana na jirani kwenye ngazi, alijibana ukutani kana kwamba anaomba radhi kwa kuwa na mabega. Lakini mikono yake haikuwa na haya hata kidogo. Katika miezi hiyo minane mikono hiyo ilikuwa imeigeuza nyumba ya mama mkwe wake juu chini.

Chini ya sinki la jikoni aliweka ndoo ya bluu ya kukinga maji ya kuoshea mboga, yakamwagilie maua ya roshani. Bafuni akaweka ya kijani, ya maji ya kusuuzia nguo, nayo yakawa ya choo. Maganda yalikuwa na ndoo yao yenye mfuniko, yakisubiri kuwa mbolea. Hakuna sufuria iliyochemka bila kufunikwa, wala taa iliyowaka kwenye chumba kisicho na mtu. Mumewe, ambaye ni fundi umeme, alikuwa akilalamika kwamba ameoa mtu wa kumkosesha kazi.

"Wateja wangu wakijifunza kwako," alimwambia, "mwaka huu tutapika hizo ndoo."

Mwenye nyumba hasa alikuwa mama mkwe. Alikuwa fundi cherehani, na watu walimwita Mama Pini kwa sababu pini hazikumtoka kwenye pembe ya mdomo. Alizoea kusema nazo hivyo hivyo, na wanawe tu ndio waliomwelewa. Ndoo hakuzikataa. Ila alijikwaa mara moja, akajikwaa mara ya pili, na alipojikwaa mara ya tatu alitoa pini zote mdomoni, jambo alilolifanya kwa ajili ya chakula na mambo mazito tu.

"Mwanangu, mimi nakupenda," alisema akisugua kidole cha mguu. "Lakini nyumba hii ina watu watatu na ndoo saba. Nitazivumilia mpaka Jumamosi, nikabidhi majoho ya kwaya. Kama mpaka siku hiyo sijaiona faida yake kwa macho yangu, zinatoka zote. Na utazibeba mwenyewe."

"Sawa, mama," Bibi Harusi akaitikia. Akaenda jikoni kulia kidogo juu ya sinki, na machozi yenyewe yakadondokea kwenye ndoo ya bluu.

Si kwamba alipenda sana ndoo. Lakini cherehani ilikuwa ya mama, mapazia ya mama, na hata mume alikuwa wa mama kwanza. Ndoo zile ndizo pekee ndani ya nyumba ile alizoweza kuziangalia akasema, hizi nimezileta mimi.

Basi akafikiria faida gani ionekane kwa macho kabla ya Jumamosi. Jibu lilikuwa linapita dirishani kila siku: majirani wakirudi sokoni, kila mmoja na mifuko ya nailoni mitano au sita inayokwaruzana mkononi. Na chumba cha kushonea kilikuwa na mabaki ya vitambaa tele. Angewashonea mifuko, mama aone kwamba kutotupa kitu kuna faida.

Sasa, Mama Pini alikuwa na utaratibu wake. Kitambaa alichokikata na bado hajakishona alikifunga furushi kwa utepe mwekundu. Utepe mwekundu maana yake: hii ni kazi ya mtu, isiguswe. Mabaki hayakuwa na utepe. Bibi Harusi alilijua hilo vizuri. Lakini Jumatatu, akifuta vumbi kwenye rafu, aliziona zile tepe na roho ikamuuma. Mama alizikata kwa mkasi kila alipofungua furushi, akazitupa, tepe nzima nzuri kabisa. Akazifungua taratibu moja moja, akazipiga pasi, akazikunja na kuzipanga kwenye chupa ya kioo. "Nitakumbuka lipi ni lipi," alijiambia.

Kufikia Jumatano alikuwa hakumbuki.

Siku hiyo Mama Pini alikwenda kununua uzi na vifungo. Bibi Harusi akavuta furushi la kitambaa kizito cha njano lisilo na utepe, akalikunjua, akashukuru bahati yake. Vipande vilikuwa ishirini, vyote vyenye umbo la nusu mwezi. Akaunganisha viwili viwili, akakata tundu la kushikia, na kabla ya saa sita mchana alikuwa na mifuko kumi. Kubisha hodi hakuweza. Akaitundika kwenye vitasa vya milango ya majirani na kukimbia kama mwizi.

Alhamisi asubuhi Mama Pini alisimama dirishani na kikombe cha chai. Akapita kinyozi wa ng'ambo ya barabara, mfuko wa njano mkononi, umejaa nyanya. Akapita mwalimu wa hesabu wa ghorofa ya juu, na daftari ndani ya mfuko wa njano. Alipotokea mama wa mapacha na mfuko wa tatu, pini zilianza kumdondoka mdomoni moja moja, ti, ti, ti, sakafuni.

"Bibi Harusi!"

Hakuwahi kumwita hivyo. Bibi Harusi akaja mbio na mwiko mkononi.

"Zile kola pana za majoho ziko wapi?"

"Kola zipi, mama?"

"Za njano. Ishirini."

"Mimi… nilidhani ni mabaki."

"Mabaki!" Mama Pini akashika kiuno. "Mwanangu, wewe umesoma chuo. Uliona wapi mabaki ishirini yanayolingana kama askari wa gwaride?"

"Nilifungua tepe. Nilitaka zitumike tena."

Mama Pini akanyoosha kidole mlangoni. "Nenda. Hodi kwa hodi."

Na Bibi Harusi, aliyekuwa hawezi kumwangalia muuza mkaa usoni, akapiga moyo konde akabisha milango kumi. Sauti ilimtoka nyembamba, lakini ilitoka. Majirani walimcheka, wakamkaribisha chai, wakamwambia mfuko haujawahi kumfaa mtu hivi. Alirudi na saba. Mmoja ulinuka samaki. Mmoja ulikuwa na wino mwekundu wa mwalimu. Wa kinyozi ulikuwa umeandikwa kwa kalamu nene: MALI YA KINYOZI, WEKA CHINI. Na yote, bila shaka, ilikuwa na tundu la kushikia.

"Labda waimbaji wapitishe mikono," alisema mumewe, aliyekuwa amerudi kuchukua ngazi yake. Mama yake akamtazama, naye akaichukua ngazi upesi akatoka.

Mama Pini akapiga simu duka la vitambaa. Njano ile ilikuwa imekwisha, na nyingine haiji mpaka mwezi ujao. Akakaa kitandani kwake. Bibi Harusi akasimama mlangoni na ile mifuko mikononi.

"Mama, ndoo nitaziondoa leo. Sina haja ya kungoja Jumamosi."

Mama Pini aliinama, akaingiza mkono chini ya kitanda, akavuta gunia. Akavuta la pili. La tatu lilikwama, wakasaidiana kulivuta. Alipolifungua, rangi zikamwagika sakafuni: bluu, kijani, zambarau, maua, mistari, kila kitambaa kilichowahi kupita chini ya sindano yake.

"Mama! Haya yote umeyaweka tangu lini?"

"Tangu kabla mumeo hajaota meno." Aliona haya, na haya yake ilifanana sana na ya mkwe wake. "Nilishindwa kuyatupa. Marehemu baba mkwe wako alikuwa akinicheka, nikawa nayaficha. Wewe unadhani kwa nini kitanda changu kiko juu hivi?"

Ijumaa nzima walishona. Bibi Harusi alichagua rangi na kuunganisha viraka, Mama Pini akakata kola na kuzipachika kwenye majoho. Walikula wakiwa wamesimama. Mumewe alipika, na kwa mara ya kwanza alifunika sufuria bila kukumbushwa.

Jumamosi saa nne kiongozi wa kwaya akafika, bwana mrefu mwembamba aliyegonga meza kwa penseli hata akiwa anasikiliza tu. Akafunua joho la kwanza. Penseli ikasimama.

"Mama, mimi nilisema njano."

Bibi Harusi akamgeukia mama mkwe. Mama Pini alikuwa amejaza pini mdomoni, nyingi kuliko siku zote, na alikuwa anatazama dari. Hapakuwa na msaada wa kutoka huko.

"Ni mimi," alisema Bibi Harusi. Alitazama viatu vyake, kisha akaviacha, akamtazama yule bwana. "Kola zenu nilizishona mifuko ya sokoni. Nilidhani ni mabaki. Mama hana kosa. Hizi tumezitengeneza kwa mabaki ya kweli, vitambaa vya miaka yote. Hakuna kola mbili zinazofanana. Mkizikataa, tutangoja njano ije na tushone upya."

"Kwa hiyo kola zangu zimebeba nyanya?"

"Nyanya, daftari… na samaki."

Shavu la yule bwana likacheza. Aliigeuza kola kwenye mwanga, akafika kwenye kipande kidogo cha rangi ya damu ya mzee kilichoshonwa katikati, pale shingoni. Akafunua joho la pili, na la tatu. Kipande kile kilikuwepo kwenye kila kola.

"Hii…" Akaigusa kwa kidole. "Hii si ile ya majoho yetu ya kwanza kabisa? Nilikuwa naimba mstari wa mbele. Sikuwa na ndevu."

"Mmh," alisema Mama Pini kwa pini zote.

Yule bwana akayakunja majoho mwenyewe, taratibu. "Watu wa sauti ya nne watanung'unika," alisema, "lakini hao hunung'unikia hata hewa." Alipofika mlangoni akageuka. "Hiyo mifuko. Hakuna mmoja uliobaki wa kuwekea karatasi za nyimbo? Usiwe ule wa samaki."

Alipoondoka na mfuko wa mwalimu wa hesabu, Mama Pini alitema pini kwenye kiganja.

"Tepe zangu ziko wapi?"

Bibi Harusi akaleta chupa. Mama Pini akachagua mmoja, mrefu, ulionyooka kwa pasi. Akaenda nao jikoni, akainama chini ya sinki huku akiguna kwa magoti, akaufunga kwenye mkono wa ile ndoo ya bluu, fundo la nguvu.

"Umeelewa?" aliuliza.

"Nimeelewa, mama."

"Basi safari hii usiufungue."