Akapikie Kwenye Madebe

Mimi siandiki "ilijadiliwa, ikakubaliwa". Hayo waandike wenye haraka zao. Mimi ni katibu wa chama chetu cha akina mama cha kuzikana, hapa Kalungu, na nikishika kalamu naandika mtu alisema nini, alisemaje, na mdomoni alikuwa na nini. Nalongo, mwenyekiti wetu, akisema neno huku anatafuna njugu, basi njugu nazo zinaingia kwenye muhtasari. Ndiyo maana siku za kikao wanawake wanawahi. Wanakuja kunisikia mimi, Nassuuna, nikisoma waliyoyasema mwezi uliopita. Hata wanaume husogea uani, wakijifanya wanatafuta mbuzi.

Sasa, mwezi ule Nambooze alisimama kuomba masufuria ya chama. Mumewe amefariki, ukoo umepanga siku ya kuondoa matanga na kumsimika mrithi, miezi miwili mbele, watu watatoka kila upande, na watu hao lazima wale. Nalongo akakataa. Eti Nambooze hakuja kumenya ndizi siku binti yake Nalongo alipomleta mchumba nyumbani. Kwetu hilo ni kosa kweli, asiyemenya kwa wenzake hapikiwi. Lakini siku hiyo Nambooze alikuwa hospitali anamshikia mumewe beseni! Nalongo analijua hilo vizuri. Akacheka, njugu mdomoni, akasema, "Akapikie kwenye madebe." Shoga yake mmoja akacheka naye, sisi wengine tukainamisha vichwa, kimya. Na kimya chetu nacho nikakiandika.

Asubuhi ya kikao kilichofuata, Nalongo huyo mlangoni kwangu, vazi lake la gomesi limepigwa pasi, sauti imetiwa sukari.

"Katibu wangu, umeamkaje?"

"Salama, Nalongo. Karibu."

"Leo naja na mgeni. Lubowa, mtoto wa kaka yangu, yule wa redio. Amesikia sifa za muhtasari wako, na anatafuta mtu wa kumwandikia michezo ya kuigiza. Kazi ya mshahara, Nassuuna! Utaachana na kukaanga mihogo barabarani." Akanisogelea. "Ila lile neno la madebe, lifute. Andika tu, ombi halikukubaliwa."

"Na nisipolifuta?"

"Nitamwambia wewe ni mfitini. Chagua mwenyewe."

Akaenda zake. Jamani, niliitaka ile kazi! Sitajifanya. Moshi wa mihogo umenimaliza macho. Nikachukua kalamu, nikaiweka juu ya lile neno. Halafu hasira ikanipanda, nikaiweka kalamu chini. Watu wanakuja kunisikiliza kwa sababu sifuti. Nikifuta, hiyo redio itakuwa imemwajiri nani?

Tukakutana uani kwa Nalongo. Lubowa kakalishwa kwenye kiti, sisi mikekani. Nikasoma yote, njugu, kicheko, madebe, na vichwa vyetu vilivyoinama. Hapakuwa na aliyecheka.

Kwetu muhtasari ukishasomwa, mmoja athibitishe na mwingine aunge mkono, la sivyo unatupwa. Nalongo akasimama, mikono kiunoni.

"Haya, nani anathibitisha uzushi huu?"

Nambooze akainuka. "Mimi. Niliyasikia kwa masikio yangu."

"Wewe kaa chini! Nani mwingine? Nani anaunga mkono?"

Vichwa vikainama. Nikasema moyoni, mara hii tena? Ndipo Mama Kayondo, shoga yake Nalongo, wa kusuka naye mikeka kila siku, akajikohoza.

"Nalongo, ulisema. Ulinipiga kiwiko ili nicheke, na mimi nikacheka. Naona aibu mpaka leo. Naunga mkono."

Uani kukalipuka. "Na mimi!" "Na mimi!" Nalongo akamgeukia mgeni wake. "Umeuona mdomo wa katibu? Huyo ndiye unayetaka kumpa kazi?"

"Ndiye huyohuyo, shangazi." Kisha Lubowa akaniambia kwa adabu, "Mama, njoo Jumatatu uanze. Tutaanza na kisa hikihiki. Ila hilo la madebe tuliache. Huyu ndiye aliyenilea."

Kazi ile hapo, mbele yangu, nyoosha tu mkono.

"Basi tafuta mwingine," nikasema. "Majina nitayabadilisha. Aliyoyasema mtu, hapana."

Lubowa akamtazama shangazi yake, na wanawake wote wakamtazama pia. Nalongo akaketi.

"Mwache aandike," akasema mwishowe, sauti ya chini. "Lakini aandike pia kwamba masufuria nimeyatoa."

"Nitaandika, Nalongo," nikamjibu. "Yakishafika kwa Nambooze."

Nikafunika kalamu, nikakunja mikono, nikamkazia macho.