Njia ya Kwenda kwa Daktari wa Macho

Mgongo wa Methodi uliharibikia Jeffersontown, kwenye ghala la matairi nje ya Louisville, Marekani, na tangu hapo kila aliyempa kazi alimpa ya kubeba. Alipohamia Buffalo na mkewe Agata, alikaa nyumbani miezi mitano kabla ya kuitwa na kliniki moja ya upande wa mashariki wa mji. Kazi ilikuwa kusimama mlangoni na kuwaelekeza wagonjwa. Jengo lilikuwa na ghorofa tatu, lifti mbili zisizofika sehemu moja, na korido zilizochorwa na mtu aliyewachukia watu. Nusu ya wagonjwa walikuwa Wabengali, wengi wao wazee wasiojua Kiingereza.

"Wiki mbili za majaribio," alisema Denise, msimamizi wake. "Wagonjwa wakifika kwa daktari kwa wakati, kazi ni yako. Wakiendelea kupotea, namtafuta mwingine."

Methodi alijua maana yake. Shemeji yake Pantaleo, anayekaa mtaa wa Linden kule Columbus, alikwisha kumwekea nafasi ya kupakia makontena. Huko mgongo ungekwisha kabisa. Tena angekwenda peke yake, maana Agata alikuwa anatunza wazee huko North Buffalo na mshahara huo ndio uliolipa nyumba.

"Jifunze hicho Kibengali," Agata alimwambia.

"Shule niliiacha darasa la nne, mama Irakoze."

"Shida si darasa. Wewe hata Kiswahili unakiongea kama unafukuza mbuzi shambani."

Siku ya pili alimfuata Shahnaz, mama wa Kibengali aliyesafisha ghorofa ya chini, akamwomba amfundishe saa ya chakula. Walizungumza Kiingereza chao cha kuokoteza. Shahnaz alikuwa anaonyesha njia kwa mpini wa ufagio: daan dike, upande wa kulia, baam dike, upande wa kushoto, shoja, moja kwa moja. Methodi aliandika yote kwenye kipande cha boksi, kama masikio yake yalivyosikia.

"Na 'tafadhali' mnasemaje?"

"Neno lipo, lakini ukilitumia utakuwa kama tangazo la uwanja wa ndege. Anza na mtu mwenyewe. Mzee wa kiume ni chacha, baba mdogo wako. Mama mtu mzima ni khala, mama mdogo wako. Ukishamwita hivyo, ndipo umpe njia."

"Kama kwetu tu."

"Basi mbona mimi unaniita 'wewe wa ufagio'?"

Methodi akakohoa. "Samahani, dada."

"Apa," alisema Shahnaz. "Dada ni apa. Andika."

Wiki ya pili ilimkuta anasema bila kuangalia boksi. Mzee akiingia, Methodi anamwita chacha, anamwonyesha kwa mkono wa kulia, anamtajia lifti na kona zote, mwisho anamwuliza kama ameelewa. Mzee anatabasamu, anasema "Ji, ji," ndiyo, ndiyo, na anaondoka. Methodi akaanza kujiona mtu wa maana.

Jumatano Denise akamjia na uso mkavu. Mama mmoja aliyekuwa na miadi kwa daktari wa moyo alikutwa ameketi kwenye chumba cha mashuka machafu, dakika arobaini, anasubiri kuitwa.

"Nilimwuliza kama ameelewa," alisema Methodi. "Alisema ndiyo."

"Wote wanasema ndiyo. Ijumaa tunamaliza, Methodi."

"Niruhusu nimpeleke kila mtu mwenyewe."

"Na mlango nani atausimamia? Ukitoka hapa, nimekufuta."

Alhamisi asubuhi alisimama mahali pake na ile ndiyo ikimsumbua. Alikuwa ameisikia zamani. Kwenye kambi ya wakimbizi ya Mtabila, Tanzania, alipokuwa mtoto, mabwana wa ofisi walikuja na makaratasi, wakaeleza kwa saa nzima, mwisho wakauliza, "Mmeelewa?" Watu wazima wote wakajibu ndiyo, na sauti ya baba yake ikawa juu ya zote. Walipofika nje, baba akamwinamia na kumnong'oneza, "Yule kasemaje?" Mtu amejichosha kwa ajili yako, utamwambiaje usoni kwamba amejichosha bure? Sasa swali lile lile la mabwana wa ofisi ndilo Methodi alilokuwa akiwauliza wazee wa watu.

Mlango ukafunguka. Akaingia mzee mwenye kofia nyeupe na mkewe aliyejifunika shali, mkononi kadi ya daktari wa macho. Methodi akawapa njia vizuri, mwanzo hadi mwisho.

"Ji, ji," alisema mzee, na akageuka kuelekea lifti ambayo haikuwa yake.

"Chacha," Methodi akamwita. Hakuwa amepanga la kusema. Akatoa boksi lake mfukoni na kumwonyesha. "Ami shikhchhi," alisema. Ninajifunza. Kisha, kwa maneno machache aliyokuwa nayo na mikono yake yote miwili, akamwomba: mimi nimesema vibaya, njia hii ninyi mngeisemaje?

Mzee akanyooka mgongo. Akaweka kidole hewani na kuanza kusema taratibu, kama anamsomesha mtoto wa chekechea. Lifti, ndiyo. Ukitoka, moja kwa moja, ndiyo. Halafu akakwama. Akamtazama mkewe, mkewe akainua mabega.

"Daan?" mzee akauliza. Mwalimu kuuliza si aibu.

"Baam, chacha."

"Baam!" Mzee akairudia njia yote tangu mlangoni, akamlazimisha Methodi aifuate neno kwa neno, akairudia tena kwa kuwa mkewe alidai ameruka kona. Walipoondoka, walikwenda moja kwa moja kwenye lifti yao.

Methodi akamfanyia hivyo aliyefuata, na aliyefuata tena.

Ijumaa mchana Denise alishuka na karatasi ya miadi. "Tangu jana hajapotea hata mmoja. Umewafanyaje?"

"Wananifundisha njia."

"Njia ya wapi?"

"Ya humu humu."

Denise alikunja karatasi yake. "Jumatatu saa mbili asubuhi," alisema. "Na utafute viatu vya maana, utasimama sana."

Bibi mmoja mwenye fimbo alikuwa amekwisha kumshika Methodi mkono wa koti. Neno la jicho Methodi alikuwa analitamka vibaya mno, na bibi hakuwa tayari kumwachia alitamke hivyo mbele ya watu. Akamfanya alirudie mara sita. Nyuma yao foleni ilikuwa imefika mlangoni. Bwana mmoja akasema huyo bibi mwenyewe anatamka kama mtu wa kijijini, mwingine akamtetea bibi, na wote wakawa wanaisema kwa sauti, kila mmoja kwa matamshi ya kwao, njia ya kwenda kwa daktari wa macho.